Si Kifua, Daktari

Jumatatu, tarehe saba Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi yalibaki manyunyu tu na ubaridi uliofanya vioo vya madirisha vitoe jasho.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti wa fundi cherehani alifagia chumba cha mbele ambacho mama yake alikitumia kushonea, akaokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha akaketi kumtungia mama uzi kwenye sindano. Nyumbani walimwita Redio, maana hakujua kunyamaza.

Mama alishona sare za shule, na mtaa mzima ulizisifu kola zake. Lakini tangu mwaka uliopita vidole vyake vilikuwa vikiamka vimevimba na kukakamaa. Mkasi ulimshinda. Macho yalimkauka, na uchovu ulimwangusha kitini kabla ya adhuhuri. Vidonge vya maumivu vilimtuliza kidogo tu.

"Mikono hii ikigoma kabisa, mimi nitakuwa nani?" mama alimwuliza bibi, mama yake mzazi.

"Utakuwa mwanangu, kama zamani," bibi akajibu. "Haya, tuombe, kisha uende hospitali. Yule daktari mpya wa viungo wanamsifu sana." Akamwomba Mwenyezi Mungu amwongoze daktari, halafu akaongeza, "Na huyu Redio, Ee Mola, umpunguze sauti."

"Bibi jamani!"

"Amina," mama akasema huku akicheka.

Redio alifuatana na mama ili ambebee mkoba. Daktari alikuwa kijana mpole, na kando yake aliketi nesi. Alivitazama vidole vya mama kimoja kimoja, akauliza maumivu yalianza lini. Kisha akasema, "Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Mama akatazama sakafu. "Ndiyo. Wa kifua."

"Oo, pole. Bado unakohoa?"

"Wakati wa baridi, kidogo."

"Nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu?"

"Hakuna."

Daktari akamsikiliza mgongoni, akamwambia avute pumzi. "Mapafu yanasikika vizuri. Hata hivyo nitakuandikia picha ya mapafu, halafu urudi mwezi ujao."

Redio aliwatazama wote wawili. Neno lilikuwa moja, lakini kila mmoja alikuwa akisema jambo lake! Mama hakuwahi kupasuliwa mapafu. Miaka ya nyuma aliugua saratani ya titi. Titi la kushoto likaondolewa, na baadaye akawekewa la silikoni ili umbo lake lirudi. Kwa adabu, nyumbani kila mtu alisema "kifua". Hata Redio, pamoja na maneno yake yote, hakuwahi kulitaja lile neno jingine mbele ya mtu mzima.

Mungu wangu, nipe ujasiri, akaomba kimoyomoyo.

"Si kifua, daktari," akasema. "Ni titi."

Mama akamkanyaga mguu. "Nyamaza wewe!"

"Alikuwa na saratani. Wakalitoa, wakamwekea la silikoni. Analo mpaka leo."

Nesi akainua macho. Daktari akaweka kalamu chini. "Samahani, mama. Nilikuelewa vibaya. Ndivyo ilivyo?"

Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Ahsante, binti," daktari akasema. "Hilo linabadili mambo." Akaeleza taratibu kwamba mwili una kinga, kama askari wa mlangoni. "Wengi wenye silikoni hawapati shida yoyote. Ila kwa wachache, askari wale huchachamaa wakikiona kitu kigeni, na wakati mwingine huwapiga hata wenye nyumba, yaani viungo, ngozi na macho. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, kwa hiyo sisemi kwamba ndiyo sababu. Lakini lazima tupime damu, na tulitazame hilo titi kwa altrasaundi."

Walipofika kwenye ujia, mama alimgeukia. "Umenivua nguo mbele ya watu!"

Redio alilia. "Nisamehe, mama. Nilitaka mikono yako ipone."

Mama akavitazama vidole vyake vilivyovimba. Kisha akamfuta machozi kwa mgongo wa kiganja. "Twende tukapime," akasema.

Kipimo kilionyesha kwamba kile kifuko cha silikoni kilikuwa kimepasuka na kuvuja. Daktari alimpeleka kwa wenzake wa upasuaji, wakamshauri kiondolewe. "Sitakudanganya, mama," daktari alimwambia. "Wapo wanaopona kabisa, na wapo wanaopata nafuu tu." Bibi alifunga na kuomba siku ya upasuaji.

Uchovu ndio ulioanza kuondoka. Vidole vilichelewa. Miezi ilipita kabla uvimbe haujapungua, na kidole gumba kiligoma kulainika kabisa. Lakini siku moja, akina mama wakiwa wamejaa chumbani kupima watoto wao sare, fundi alitandaza kitambaa cha buluu mezani, akashika mkasi, akakata kutoka pindo hadi pindo bila kupumzika.

"Fundi, mkasi unaimba leo!" jirani mmoja akapaza sauti, na wengine wakapiga vigelegele.

Mama akaweka mkasi chini, akamvuta Redio karibu na kumshika bega.

"Mnayemwona hapa ndiye aliyeniponya pamoja na daktari," akasema. "Mimi niliona haya, nikamwambia daktari nusu ya ukweli. Mtoto huyu akamwambia ukweli wote, nami nikamkemea. Leo najivunia kumzaa. Watoto, sikilizeni. Adabu ni kuwaheshimu watu. Kumficha daktari ugonjwa si adabu. Kila kiungo Mungu alichotuumbia kina jina, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa."

Redio akamkumbatia mama kiunoni. Bibi alikuwa akimtazama kwa uso uliong'aa.

Mama akainua mkono wa kuume, ule wa mkasi.

"Mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu, naahidi. Yeyote kati yenu, au binti yenu, akiona uvimbe au maumivu kwenye titi, aje kwangu saa yoyote. Nitamsindikiza mwenyewe kwa daktari. Na akishindwa kulitaja, nitalitaja mimi."