Wanusaji wa Kalorengi

Mnusaji alikunja miguu yake sita, akajilaza mavumbini, akamwacha mbwa amsogelee mwenyewe. Mbwa alinusa, naye akanusa. Katika pumzi tatu tu, pua ile ya bati ilikwisha kujua kama utumbo wa mnyama una tegu au hauna. Kisha kinywa kidogo kilifunguka, kikatoa donge la nyama lenye kidonge ndani. Mbwa alimeza bila kutafuna. Mnusaji akampaka rangi ya samawati sikioni, akainuka, akaelekea boma la pili.

Mashine arobaini za namna hiyo zilizunguka kila wiki sita katika malisho yote ya Kalorengi, mji wa kioo na paneli za jua uliochipuka katika nyika ya kaskazini. Aliyezibuni ni Daktari Apua Ekitela, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye kovu refu chini ya mbavu za kulia. Usichanani mwake alipasuliwa, akatolewa kwenye ini mfuko wa maji mkubwa kama tikiti. Tangu siku hiyo alimchukia tegu kama mtu anavyomchukia adui anayemjua kwa jina.

Safari ya mdudu huyo aliijua yote. Tegu hukaa ndani ya mbwa na kutaga mayai, mayai hutoka na kinyesi hadi kwenye majani, kondoo huyala, na ndani ya ini na mapafu ya kondoo hugeuka mifuko ya maji. Mbwa akila ini hilo bichi, tegu amerudi nyumbani. Na mtu akishika manyoya ya mbwa kisha akala bila kunawa, mfuko huota ndani yake yeye.

Lakini mwaka wa nane wa wanusaji, maini ya kondoo bado yalikuwa na mifuko. Alhamisi moja mkurugenzi wa Mamlaka ya Nyika, Bwana Lokapel, alimwita Apua ofisini.

"Wafugaji wanatuchezea, Daktari," alisema. "Kuanzia Jumatatu wanusaji watabeba sindano badala ya vidonge."

"Sindano ya nini?"

"Unajua ya nini. Mbwa wote wa malishoni."

"Hao mbwa wana rangi sikioni, Mkurugenzi. Wamemeza dawa. Wauawe kwa nini?"

"Basi dawa yako haifanyi kazi. Kama si dawa, ni mbwa. Chagua."

Apua hakuchagua. Alitoka, akamchukua mnusaji mmoja, akaenda kwa Mama Nakiru Lopeyok, mjane mwenye kondoo sitini na mbwa mmoja wa kahawia. Mbwa yule alikuwa amepewa dawa siku kumi na moja zilizopita. Mnusaji alimnusa, taa yake ikawa nyekundu. Tegu wachanga walikuwa wamekwisha kuingia upya.

"Mama, mbwa wako anakula wapi?" Apua aliuliza.

Mama Nakiru alicheka huku ameshika tumbo. "Miaka minane mashine yako inakuja hapa, mwanangu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza neno. Mimi nachinja mara ngapi kwa mwaka? Mfuate. Saa hii ndiyo saa yake."

Walimfuata. Mbwa alivuka kilima, akashuka hadi nyuma ya kichinjio kikuu cha mji. Ndani ya jengo lile hapakuwa na mtu hata mmoja. Mikono ya chuma ilichuna, na jicho la mwanga likatenga ini zima na ini bovu. Maini mabovu yalipaswa kuingia kwenye tanuri na kuwa majivu. Apua aliligusa tanuri. Lilikuwa baridi, na buibui walikuwa wametanda mlangoni. Umeme wake ulikatwa miaka mitano nyuma ili ulishe vyumba vya barafu, na kibali kilichobandikwa ukutani kilikuwa na sahihi ya Lokapel. Pembeni palikuwa na shimo wazi lililojaa maini, na mbwa zaidi ya thelathini walikuwa wakila kwa utulivu kabisa.

"Kumbe ndiyo karamu yenyewe," Mama Nakiru alisema, kisha akaketi chini ghafla, uso umekunjamana.

Mnusaji alikuwa na kioo cha kupimia matumbo ya kondoo. Apua aliomba ruhusa, akakiweka ubavuni mwa mama. Mfuko ulionekana pale pale, mweupe, wa mviringo.

"Kule zahanati waliniambia ni laana ya uchafu wetu," mama alisema. "Kwamba tunalala na mbwa."

"Mbwa ndiye aliyekuletea, Mama. Lakini yeye alilishwa hapa." Apua alikiondoa kioo ubavuni. "Na mimi nilipaswa kukwambia zamani unawe mikono ukishamshika. Sikukwambia. Nilidhani mashine inatosha."

"Basi niambie sasa. Kisha tuambie wote."

Jumatatu asubuhi wanusaji arobaini hawakwenda kwenye maboma. Walijilaza safu kwa safu kwenye njia ya kuelekea shimoni. Magari yasiyo na dereva yalifika na shehena ya maini, yakasimama, kwa kuwa yalikatazwa kukanyaga chochote chenye miguu.

Lokapel alimpigia Apua simu. "Waondoe!"

"Siwaondoi. Washa tanuri."

"Nitawazima kutoka hapa hapa."

"Wazime. Tuone utawabebaje."

Aliwazima. Alimfuta kazi Apua pia, kwa sentensi moja. Lakini magari yalipoleta winchi kuwakokota wanusaji, wanawake wa malishoni walikwisha kufika, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, wakaketi katikati ya zile mashine zilizokufa. Apua alisimama mbele yao na sanduku la vidonge.

"Shika taya la juu hivi. Kidonge kiweke nyuma kabisa ya ulimi. Funga kinywa, mpapase koo mpaka ameze. Kinyesi chake siku mbili zijazo kifukieni kwa kina au mkichome. Na mikono, sabuni, kila mara."

Siku ya Jumanne Mama Nakiru alipelekwa hospitali kupasuliwa, akilalamika njia nzima kwamba ameondolewa kwenye kikao. Wengine hawakuondoka. Siku ya tano maini yalikuwa yamerundikana ndani ya kichinjio hadi mikono ya chuma ikakwama, na mchana wa siku hiyo bomba la tanuri lilianza kutoa moshi.

Jioni ile barua ya Mamlaka iliingia kwenye simu ya Apua. Atarudishiwa cheo na wanusaji wake, mradi atie sahihi taarifa kwamba ugonjwa uliletwa na uzembe wa wafugaji. Aliwasomea wanawake barua nzima, mpaka mwisho. Kicheko chao kiliwafanya mbwa wabweke.

Apua aliifuta barua, akakunja mikono ya shati.

"Haya," alisema, "mbwa wa nani anafuata?"