Mkanda Uliopumua Bila Kifua

Mkanda wa kupimia pumzi ulining'inia kwenye msumari, haujafungwa kifuani mwa mtu, na bado kompyuta ilikuwa ikichora: inapanda, inashuka, inapanda.

"Kimeo kingine hiki!" Yustina alifoka, akachomoa waya. Mstari ukaendelea kupanda.

Tangu aje Mtwara kutafiti jinsi ubongo unavyoyaamrisha mapafu, hakuna lililomnyookea. Umeme ulikatika utakavyo wenyewe, na watu walioahidi kupimwa waliingia mitini. Wala hakutafuta sifa. Mwanawe Brian, aliyezaliwa njiti, kila akilala husahau kupumua mpaka atikiswe. Yaya hawakukaa, nani ataka kufiwa na mtoto wa mwenzie? Kwa hiyo mtoto alilala pale pale ofisini, kwenye mkeka.

Akampigia simu Somoe, mama wa Msimbati aliyefungwa mkanda ule jana. Somoe alikuja na chetezo na ubani.

"Jana uliniambia niheme mbio mbio, kisha nibane pumzi," alinong'ona. "Ndivyo tunavyompandisha pepo ngomani, mwanangu. Akapanda. Nikakwambia ngoja aagwe, ukasema umeme utakatika, ukanivua mkanda."

"Mama, mimi nina kazi hapa, sina ngoma!"

"Basi kabaki humo. Hana kifua, anakitafuta."

Yustina angecheka, ila chumba kilianza kunuka mwani uliooza, na aligeukia mkekani akaona kifua cha Brian kimetulia, akamrukia, akamtikisa, akampulizia kinywani, akamfinya visigino, akamwita Yesu, akamtikisa tena huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi ya zambarau na yeye, aliyesomea pumzi miaka yote ile, hana hata moja ya kumpa, mpaka mstari wa kompyuta ukalala, kimya, na Brian akavuta hewa.

Ilikuwa pumzi ndefu, nzito, ya mtu mzima. Ikafuata nyingine.

Brian akafumbua macho, akamtazama mama yake kama asiyemjua.

"Amekipata," Somoe alinong'ona, akipuliza makaa. "Nimtoe sasa, kabla hajazoea."

"Ukimtoa, mwanangu atapumua mwenyewe?"

Somoe aliinamisha kichwa. "Sijui, mwanangu. Nisikudanganye."

Yustina alichukua jagi la maji, akayamwagia makaa yote, hasira na machozi vikimtoka pamoja.

"Mwache," alisema. "Ilimradi anapumua."