Kila Mtu Alimwagilia

Saa kumi na mbili asubuhi, mwaridi katika kopo la mwisho ulikuwa umeinama. Jana jioni ulikuwa umesimama.

Fundi cherehani aliuona kupitia dirisha kabla hajanawa uso. Alitoka, akagusa majani, akarudi ndani. Akatoka tena na jagi, akamwagilia. Kisha aliketi kwenye cherehani, akashona nusu ya mfuko wa suruali, akainuka kwenda kutazama.

Kibaraza cha ghorofa ya pili kilikuwa cha nyumba mbili. Upande mmoja aliishi fundi na mama mkwe wake. Mume wake alikuwa dereva wa lori na alilala nyumbani mara chache. Upande wa pili aliishi mzimamoto mstaafu. Watu walimwita Kamanda, kwa sababu hata salamu aliitoa kama amri. Katikati, kando ya ukuta, yalipangwa makopo ya rangi na ndoo za plastiki. Ndani yake ilipandwa miwaridi na asumini.

Maua hayo yaliletwa kwa ajili ya mama mkwe. Alikuwa ameanguka shambani kwake na kuumia nyonga. Daktari alimkataza kuishi peke yake. Alipohamishiwa mjini, alikaa kitandani akiangalia ukuta. Makopo yalipofika, alianza kutoka nje. Sasa maua yalikuwa yanakufa, na yeye alikuwa ametamka neno lake.

"Mume wako akipita Jumanne, nitapanda lori lake," alisema. "Nirudi kwangu."

"Kwako kuna nani, mama?"

"Kuna mimi. Hapa hata ua halitaki kukaa. Mimi nikae kwa nini?"

Fundi alichukua jagi. Alienda kuongeza maji.

Mchana alikuja wifi yake, dada wa mumewe, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alikuwa ameitwa kwa simu mara nne.

"Wifi, umenipigia kama nyumba inaungua," alisema. "Suruali yenyewe umeshona mguu mmoja."

"Niache na suruali. Tazama hayo majani. Yamekuwa manjano, yananyauka. Yana kiu."

Wifi alichuchumaa. Alichomeka kidole kwenye udongo wa kopo la kwanza, akakitoa, akakinusa. Akaliinamisha kopo, akachungulia chini yake.

"Matundu yako wapi?"

"Kaka yako aliyaziba kwa nta. Maji yalikuwa yakitiririka hadi mlangoni pa Kamanda. Nusura ateleze."

"Sikuteleza," Kamanda alisema akiwa mlangoni pake. "Niliyumba."

"Na nani anamwagilia?" wifi aliuliza.

"Mimi, asubuhi," fundi alisema. "Na nikipita, kidogo."

"Unapita mara ngapi?"

Fundi alilisogeza jagi nyuma ya mlango. Mama mkwe alikohoa.

"Na mimi mchana," alisema. "Mwanangu huyu ana kazi nyingi. Nilidhani anasahau."

Wote wakamgeukia Kamanda. Alikuwa ameshika kikombe cha maji.

"Jioni tu," alisema. "Niliona yanateseka. Mtu wa zimamoto hawezi kuona kitu kinakauka akapita."

"Hakuna kinachokauka hapa," wifi alisema. "Hapa mmechimba kisima. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na nyinyi kila mmoja ni nahodha kwa siri."

"Lakini yananyauka," fundi alisema.

"Mmea kunyauka hakumaanishi una kiu. Mizizi inahitaji hewa pia. Udongo ukijaa maji, hewa hukosa nafasi, mizizi huoza. Mzizi uliooza haunywi. Kwa hiyo majani yananyauka ndani ya maji, na nyinyi mkiyaona mnaongeza maji. Subirini niwaonyeshe."

Aliung'oa mwaridi ulioinama. Mizizi ilitoka myeusi, laini, yenye harufu ya mtaro. Mama mkwe aliigusa, ikakatika.

"Huu umekwenda," alisema taratibu.

"Huo ndiyo, mama. Tuone mingine."

Katika asumini, sehemu ya mizizi ilikuwa nyeupe na ngumu. Wifi alikata iliyooza kwa mkasi safi. Fundi alipasha msumari moto jikoni akazibua matundu chini ya kila chombo. Kamanda alipeleka udongo wa zamani chini kwa ndoo, akaleta mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Walichanganya na udongo mpya mkavu. Kila kopo liliwekwa juu ya vipande vya matofali, na chini yake sahani pana ya kupokea maji.

"Sahani ikijaa, imwageni," wifi alisema. "Hapo mlango wa Kamanda utakuwa mkavu. Na kabla ya kumwagilia, chomekeni kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka zako. Mtu mmoja kwa siku, kwa zamu."

"Nani anapanga zamu?" Kamanda aliuliza.

"Si wewe," mama mkwe alisema.

Siku zilizofuata fundi aliona kutomwagilia ni kazi ngumu kuliko kumwagilia. Alishika jagi akalirudisha. Alishona, akainuka, akatazama, akaketi. Asumini ilidondosha majani zaidi. Alimpigia wifi.

"Inadondosha ya zamani," wifi alisema. "Usiguse kitu. Shona."

Jumatatu, karibu na shina, kulitokea majani mawili madogo ya kijani. Fundi alimwita mama mkwe, ambaye aliinama kuyatazama kwa muda mrefu.

Jumanne lori lilisimama chini ya jengo. Dereva alipanda ngazi.

"Mama, uko tayari?"

"Kwa lipi?"

"Si ulisema unarudi kwako?"

"Kesho ni zamu yangu," mama mkwe alisema. "Nenda salama, mwanangu. Na usizibe kitu chochote ukiondoka."

Jumatano asubuhi alitoka na fimbo yake kabla ya wengine. Alipitia kopo moja baada ya jingine, akichomeka kidole. Kamanda alifungua mlango akiwa na kikombe chake.

"Kuna unyevu," mama mkwe alimwambia. "Hata mimi mwenye zamu simwagilii leo. Hayo maji yanywe wewe."

Kamanda aliyanywa.