Rekodi ya Saa Tisa na Dakika Saba

Kwii. Kwii. Ndoano ya bembea ya mwanangu Tenri ilikuwa inalia, na bembea yenyewe imetulia tuli mbele yangu, mtoto kalala ndani ya kitambaa. Mlio ulitoka kwenye kompyuta.

Nianze mwanzo, maana naparamia. Kompyuta ile mume wangu, Daeng Situju, aliinunua kuukuu kutoka Jakarta, ihifadhi picha za kamera ya bembea nikiwa jikoni. Ikawa nyuma saa moja, maana sisi Makassar tunaitangulia Jakarta. Mchana ule akanipigia kutoka kazini, akasema nisiguse saa, nibadilishe mji tu. Ndani mashine inahesabu saa moja ya dunia nzima, mji ni wa kuitafsiri. Nikaandika amri kwenye skrini nyeusi, mkono mwingine unakoroga uji kwenye bakuli. Badala ya Makassar nikaweka Jayapura, kule Papua, mashariki kabisa, saa moja mbele yetu.

Nilipomsomea skrini akanicheka. "We mama Tenri, umetuhamishia Papua bila nauli? Rudisha. Ni tarakimu tu, saa yenyewe haisogei."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika kumi. Rekodi ya mwisho, iliyokuwa ikilia, iliandikwa saa tisa na dakika saba. Ukitoa ile saa moja ya Jayapura, ni ya dakika tatu zilizopita, basi. Nikaitazama.

Bembea ilikuwa tupu. Kuna mkono unaisukuma. Kisha ndoano ikachomoka na ubao wake wa darini, vikaanguka.

Dakika tatu zilizopita nilikuwa hapo hapo. Tenri alikuwa ndani.

Nikamnyakua. Nikakaa naye mlangoni, sikula, sikurudisha mji. Saa ya ukutani ikafika tisa. Na dakika tano. Sita.

Kwii.

Bembea tupu ikaanza kwenda. Kwetu bembea tupu haisukumwi, humletea mtoto balaa. Mama mkwe alikuwa akinipiga mkono kwa hilo. Ubao ukashuka, ukatua palipokuwa na kichwa cha mwanangu.

Jioni Daeng akaweka Makassar mwenyewe. Rekodi ikarudi saa nane na dakika saba, kama alivyosema. Akaisimamisha kwenye ule mkono. Vidole vyeupe kwa poda ya mchele, ile ya kupaka watoto usoni.

"Mama," akanong'ona.

Kinu alichosagia mama yake tulikigawa siku ya arobaini yake. Hakuna anayesaga poda nyumba hii. Lakini kwenye paji la Tenri palikuwa na alama tatu za vidole, nyeupe, bado mbichi.

Daeng akaziosha. Akaniomba nisimwambie mtu. Nimekwambia wewe tu, na naapa, hakuna mwingine atakayesikia.