Jina Lililopanda Mstari

— Salha, nani ameniandikia hivi?

Hashim alikuwa ameinama mbele ya kompyuta mpakato. Alipita ofisini kwa mchumba wake pale Mtongwe kumletea viazi karai tu, na Salha, kwa kuringa kidogo, akamwonyesha programu mpya aliyokuwa akikitengenezea chama cha mazishi cha mtaa. Wanachama walishatuma maelezo yao kwa simu, Hashim akiwa mmoja wao. Kidirisha chake kilikuwa wazi kwenye kioo, lebo kushoto, majibu kulia:

Jina: Hashim
Mke: Mwanatabu
Mke marehemu: Salha
Wa kuarifiwa kwanza:

Mwanatabu ndiye mke wake wa kwanza, aliyezikwa mwaka juzi. Salha ndiye wa kuolewa Ijumaa hii.

Salha alicheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuogopa. Akakifunga kidirisha, akakifungua tena. Yule marehemu yuko palepale, kwenye nafasi ya mke. Akafungua cha Kache, rafiki yake anayefanya naye kazi, aliyekaa meza ya pili. Kimenyooka. Akafungua cha mwingine na mwingine, vyote sawa. Akarudi kwa Hashim, na umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole mpaka ikasimama, na kwenye kile chumba chenye mapazia mazito kukabaki mwanga wa kompyuta peke yake, na jina la Mwanatabu.

— Siku zake za mwisho alinishika mkono, — Hashim akasema taratibu. — Akaniambia, "Nafasi yangu hakai mtu." Mimi nikadhani ni homa.

Akaondoka bila kuaga. Viazi vikapoa mezani. Baadaye ujumbe ukaingia:

"Salha, Ijumaa haipo tena. Wallahi nakupenda, ndiyo maana nataka uishi. Nisamehe."

Salha alilia bila kujificha. Kisha akajifuta na kuanza kuhangaika na kile kidirisha. Akaisukuma safu ya majibu, kuanzia chini ya jina, mstari mmoja chini. Cha Hashim kikakaa vizuri, lakini cha Kache kikaharibika, jibu lake la mume likashuka kwenye mstari wa mume marehemu. Akairudisha safu ilipokuwa. Mwanatabu akapanda tena. Nywele zilimsimama, tusidanganyane, hata wewe ungekimbia.

Kache, Mgiriama asiyetaka mchezo na wafu, alishachukua mkoba wake.

— Dada, funga hiyo mashine. Twende kwa mtu akuombee.

— Ngoja. Hii nimeijenga mimi.

Akafungua maelezo kama Hashim alivyoyatuma. Wengine wote, wasio na mke au mume, waliandika "hakuna". Hashim peke yake aliacha mstari wa mke mtupu. Na Salha, kwa haraka zake za bibi harusi, alikuwa amepanga lebo safu yake na majibu safu yake, kila moja ikijitegemea. Jibu tupu halikuchukua nafasi yoyote, na yaliyo chini yake yakapanda.

Akaivunja ile kazi yote. Safari hii aliipanga mstari kwa mstari, kila lebo imefungwa na jibu lake, na jibu lisipokuwepo nafasi yake ibaki. Akafungua cha Hashim.

Mke:
Mke marehemu: Mwanatabu
Wa kuarifiwa kwanza: Salha

Aliusoma ule mstari wa mwisho. Akapiga simu.

— Hashim, mbona kwenye mke uliacha wazi?

— Ningeandika nini? Nikiandika hakuna, nimekukana. Nikiandika jina lako kabla ya nikaha, nimesema uongo.

— Na kule chini? Wa kuarifiwa kwanza?

— Nikifa, nataka wewe ujue kabla ya mtu yeyote.

— Basi hapo ndipo nilipokuwa. Mpangilio wangu ndio ulionipandisha, mimi na Mwanatabu pamoja.

— Na yale maneno yake?

— Nafasi yake ipo, mpenzi. Njoo uione. Hakuna aliyeikalia.

Alikuja. Alikitazama kile kidirisha kwa muda mrefu, akalia mbele ya Kache bila kuona haya, kisha akauliza kama Ijumaa bado ipo.

Ilikuwepo. Nikaha ilifungwa baada ya sala, na kabla ya kutolewa nje kwa wageni Salha aliomba kompyuta yake, mawifi wakamcheka. Kwa vidole vyenye hina mbichi bado, akaandika jina lake kwenye mstari ulioachwa wazi. Akasubiri, macho kwenye mstari wa chini yake. Mwanatabu hakupanda, hakushuka. Salha akamsomea Fatiha, akakifunga kidirisha polepole.