Gari la Mzee Nyamai

Musyimi na mkewe Nzilani hulima ndengu na machungwa huko Matiliku. Wanaishi na mtoto wao Ndinda, pamoja na Wayua, mama yake Musyimi. Kila mwezi Wayua huenda kliniki ya presha kwa bodaboda, na barabara ina mashimo mengi. Akirudi, hulala siku mbili mgongo ukimuuma.

Musyimi alipouza ng'ombe wawili, alimwahidi mama yake. "Mwaitu, mwaka huu utaenda kliniki ukiwa umekaa kwa kiti kizuri."

Siku chache baadaye, mzee wa kanisa lao aitwaye Nyamai akatangaza kwamba anauza gari lake la viti saba. Lilikuwa linang'aa, nalo ndilo lililobeba kwaya. Bei ilikuwa sawasawa na pesa za ng'ombe. Musyimi alitaka kulipa siku hiyo hiyo.

"Baba Ndinda, tuite fundi kwanza," Nzilani akamwambia.

"Fundi wa nini? Nikimpelekea mzee fundi, ni kama nimemwita mwongo. Na hiyo gari iliombewa na pasta mwenyewe."

"Iliombewa, lakini oili haikuangaliwa," Nzilani akajibu taratibu.

Musyimi akanuna. Mkewe hakubishana naye. Alimpigia simu Mumbua, jirani yao ambaye ana gereji mjini Kitui na hurudi nyumbani wikendi.

Jumamosi wakaenda wote watatu kwa Nyamai. Njia nzima Musyimi aliona haya, akatembea nyuma kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Mumbua alimsalimu mzee kwa heshima, kisha akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto.

"Mzee, umetoka safari?"

"Hapana. Nimeiwasha mapema ndiyo msisumbuke. Ikiwa baridi huwa inakataa kidogo."

"Basi naomba tuje kesho kabla ya ibada, tuiwashe ikiwa baridi. Injini ikishapata moto inaficha ugonjwa."

Nyamai akakubali. Kesho yake asubuhi gari liliwashwa likiwa baridi. Lilikohoa mara tatu, halafu likatoa moshi wa rangi ya bluu uliojaa uwanja mzima.

"Huo moshi ni oili inaungua ndani ya injini," Mumbua akaeleza. Akainama kuangalia tairi. "Na hizi zimeisha upande mmoja. Chini kuna kitu kimelegea."

Kisha akaomba kitabu cha gari. Jina lilikuwa la Nyamai, na namba za chesisi zililingana. "Karatasi ni safi. Shida iko kwa injini."

Akamgeukia Musyimi. "Bei ya kununua ni mwanzo tu. Kuna bima, mafuta, sevisi na tairi. Uliza pia spea zinapatikana wapi. Za hii gari mpaka uagize Nairobi. Ukimaliza pesa zote leo, injini utaitengeneza na nini?"

Musyimi aliogopa kumtazama mzee. Aliona urafiki wa miaka mingi ukivunjika papo hapo.

"Mimi nilidhani ni uzee wake tu," Nyamai akasema. "Ningekuuzia shida, halafu kila Jumapili nikupe mkono. Afadhali nimejua."

Musyimi alisikia mzigo ukimtoka kifuani.

Baada ya miezi miwili alinunua gari dogo mjini Kitui. Halikung'aa hata kidogo. Lakini Mumbua alikuwa ameliwasha likiwa baridi, na spea zake ziko kila duka. Sehemu moja kati ya tano ya pesa zake, Musyimi aliiweka kando kwa bima na matengenezo. Mwezi wa kwanza alibadilisha oili na breki bila kumkopa mtu.

Sasa Wayua huenda kliniki akiwa amekaa kiti cha mbele, na jioni hiyo hiyo huchambua ndengu akiimba. Nzilani akimsikia, hucheka peke yake jikoni.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, Nyamai alisimama mbele ya kanisa.

"Ile gari yangu bado nauza. Injini nimetengeneza na risiti ninazo," akasema. "Anayeitaka aje asubuhi, na aje na fundi wake. Asiyekuja na fundi, simuuzii."