Spika ya Chumba cha Pasi

"Tekla, simama basi hata unisalimie! Mchumba gani huyu anapita kama hanioni?"

Tekla alikuwa amebeba kapu la nguo. Alisimama mlangoni, hakusogea.

"Nakuona, Apolinari. Una kazi, na mie nina kazi."

"Jumapili hii Padri anatutangaza mara ya tatu. Ya tatu, mama! Ikipita hiyo tunafunga ndoa."

"Najua kuhesabu."

Akaenda zake chumba cha pasi, nyuma kabisa ya nyumba. Apolinari akabaki juu ya ngazi na koleo mkononi, amenyong'onyea. Mwezi mzima sasa binti hamkaribii. Akimletea mkate, hataki kula naye. Akitaka kumshika mkono, anaurudisha. Jamani, na huyu ndiye aliyekuwa akicheka naye mpaka machozi!

Mwaka wenyewe ni 1954, na nyumba ni ya Bibi Sherbanu, pale Chang'ombe. Bibi alitaka jambo ambalo mtaa ule haujaliona: redio iwe moja sebuleni, lakini sauti isikike nyumba nzima. Spika moja sebuleni, moja barazani, moja chumbani kwake. Ya nne aliiongeza mwenyewe, chumba cha pasi, ili Tekla naye asikie nyimbo akinyoosha nguo. Alimpenda Tekla, yaya wa wajukuu zake.

Apolinari, Mhaya aliyejifunzia nyaya jeshini wakati wa vita, alikuwa amezipitisha darini siku nne. Leo ni kuunganisha tu. Bibi alishaalika mabibi wenzake watatu waje kusikia, na chai ilishamiminwa.

"Fundi, tayari?"

"Bado kidogo, mama."

Mikono inafanya kazi, akili iko kwa Tekla. Sasa sikiliza hapa. Nyuma ya redio kuna matundu ya spika, ambako sauti inatoka. Kando yake kuna matundu mawili ya santuri, ambako sauti inaingia. Apolinari alichomeka waya wa chumba cha pasi kwenye matundu ya santuri. Kosa la aibu hilo! Maana spika ukiichomeka huko inageuka sikio: linalosemwa mbele yake linaingia redioni na kutokea kwenye spika nyingine zote.

Akawasha. Badala ya muziki kikatoka kikohozi.

"Kaka, rudishia mlango."

Mabibi wakatazamana. Ilikuwa sauti ya Tekla, inatokea ukutani.

"Umeniita niache kazi dukani, kuna nini?" Huyo alikuwa Wilbert, kaka yake, karani katika duka la mume wa Bibi Sherbanu.

"Nenda kwa Padri. Mwambie Jumapili asitutangaze."

"Una wazimu wewe?"

"Siolewi na Apolinari."

Apolinari alijua papo hapo ni waya upi. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Kuzima ni kubonyeza tu.

"Fundi, nini hii?" Bibi Sherbanu aliinuka kitini. "Zima! Haya mambo ya watu."

"Ni mambo yangu, mama! Acha yasikike. Amepata bwana mwingine huyu, na leo atamtaja. Nyie nyote muwe mashahidi wangu!"

Wivu bwana, usiombe ukupande kichwani. Badala ya kuzima, akaongeza sauti.

"Kwani amekukosea nini?" Wilbert sasa alisikika mpaka barazani.

"Hajanikosea kitu. Nampenda mpaka naumwa. Kaka, nilikwenda kupimwa. Nina kifua kikuu. Natema damu tangu Kwaresima."

Hakuna aliyegusa kikombe.

"Daktari amenipa barua ya kwenda Kibong'oto, kule wanakotibu kifua. Jumamosi naondoka. Wengine wanarudi, wengine hawarudi."

"Mwambie mwenyewe Apolinari!"

"Nikimwambia atasema tuoane hivyo hivyo. Namjua yule. Nitamwambukiza, tufe wawili. Afadhali anichukie, aoe mwingine, aishi."

"Na watu wa hapa?"

"Hawajui. Sahani yangu naificha, watoto siwabebi tena. Kaka, nisitiri siku nne tu. Niage vizuri, nisifukuzwe kama mbwa."

Apolinari akazima. Lakini alikuwa amechelewa.

"Wajukuu zangu!" Bibi Sherbanu alipiga ukelele. "Ya Ali, wajukuu zangu anashinda nao kutwa chumba kimoja!"

Wale mabibi walishaziba pua kwa mitandio, wanatafuta viatu. Tekla akaja mbio kwa kelele zile, pasi bado mkononi.

"Mama, watoto wamefanya nini?"

"Rudi nyuma! Usiguse kitu! Toka!"

"Mama, nimekosa nini?"

"Kifua! Damu! Umenificha mie, Tekla? Mie niliyekuita mwanangu?"

"Nani amekuambia?"

Bibi alinyoosha kidole kwenye redio, kisha akamnyooshea fundi. Tekla akamtazama Apolinari, akazitazama nyaya, akaelewa. Aliweka pasi chini polepole, akatoka.

Habari mbaya haina miguu lakini inafika. Tekla na kaka yake walipofika Temeke walikopanga, Mfaume mwenye nyumba alishatoa vitu vyao vyote uani. Majirani wamesimama mbali, wamewashika watoto wao. Wilbert alihangaika mpaka akapata lori la magunia linalokwenda Moshi, njia ya Kibong'oto, na dereva alikubali kwa sharti moja: mgonjwa akae juu ya mzigo.

Apolinari alilikuta mbele ya nyumba, linawashwa. Akapiga magoti vumbini, watu wote wanaona.

"Tekla, nisamehe. Tuoane hivyo hivyo. Nitakuja Kibong'oto, nitakuuguza mwenyewe."

Tekla alikuwa amejifunika kanga mdomoni.

"Nikuulize, nawe usinidanganye. Uliposikia sauti yangu, ungeweza kuzima?"

"...Ningeweza."

"Mama alikwambia uzime?"

"Aliniambia."

"Ukafanya nini?"

Apolinari alilia kama mtoto. "Nikaongeza sauti. Nilidhani una mwanamume."

"Ningekuwa naye, ndiyo ungeniita mbele ya watu univue nguo?"

"Wivu, Tekla. Nakupenda!"

"Na mie nakupenda. Ndiyo maana nilikuwa nakukimbia." Kikohozi kikamkamata, akangoja kipite. "Usije Kibong'oto. Nikipona nitaolewa, nikifa nitazikwa. Yote mawili bila wewe."

"Shemeji, niombee!" Apolinari alimshika Wilbert mguu.

"Shemeji yako nani?" Wilbert aliuvuta mguu wake, akapanda juu kwa dada yake.

Lori likaondoka. Tekla hakugeuka. Apolinari alibaki amepiga magoti pale pale katikati ya njia, mpaka Mfaume akaja na kibiriti na debe la mafuta ya taa.

"We fundi, sogea hapo. Tunataka kuchoma godoro lake."